Sauti ya Kilichosafishwa: Kejeli na Dhana ya Usafi katika Albamu ya "Germfree Adolescents"

Wahakiki walioandika juu ya muziki wa panki wa Uingereza, hasa ule wa kati ya 1976 na 1979, wamezoea kuuchukulia kama fasihi ya malalamiko. Kwa mujibu wa mtazamo huo kuna "sisi", yaani vijana wasio na kazi wala matumaini, na kuna "wao", yaani ufalme, polisi, makampuni na walimu. Wimbo huwa ni jiwe linalorushwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mtazamo huu unaifaa albamu ya kwanza ya The Clash (Aprili 1977), na haukosi kuifaa ile ya Sex Pistols (Oktoba 1977). Unakwama, hata hivyo, unapoifikia "Germfree Adolescents", albamu ambayo kundi la X-Ray Spex liliitoa Novemba 1978. Humo ni vigumu kumpata huyo "wao" wa kushtakiwa, kwa sababu anayeshtaki na anayeshtakiwa wanatumia kinywa kimoja.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba upekee wa albamu hiyo umo katika namna inavyoitumia nafsi ya kwanza, na kwamba nafsi hiyo imejengwa juu ya dhana moja kuu, nayo ni usafi. Jina la albamu lenyewe linaashiria hivyo: vijana wasio na vijidudu. Ni jina ambalo wasikilizaji wengi wamelichukua kama mzaha tu. Inadaiwa hapa kwamba mzaha huo ndio ufunguo wa kazi nzima, na kwamba ukisomwa dhidi ya siasa za Uingereza za mwaka ule, unabeba hoja ya rangi na nasaba ambayo albamu haiitamki waziwazi isipokuwa mara chache.

Inafaa kwanza kueleza kwa ufupi jinsi kundi lenyewe lilivyozuka. Mtunzi na mwimbaji wake alizaliwa mwaka 1957 huko Bromley, kusini mwa London, akaitwa Marianne Elliott-Said. Baba yake alikuwa Msomali na mama yake mwanamke mweupe aliyefanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili. Alikulia Brixton. Mwaka 1976 alitoa santuri moja ya rege kwa jina la Mari Elliott, ambayo haikuvuma. Mnamo Julai mwaka huohuo, siku alipotimiza miaka kumi na tisa, aliwaona Sex Pistols wakitumbuiza katika mji wa pwani wa Hastings, na muda si mrefu akatangaza gazetini kuwa anatafuta wenzake wa kuunda kundi. Alijipa jina la Poly Styrene. Hilo ni jina la plastiki nyepesi, ile inayotumiwa kutengenezea vikombe vya kunywea na kutupa. Uchaguzi wa jina hilo ni tendo la kwanza la kisanaa katika historia ya kundi, na yamkini ndilo lililo muhimu kuliko yote. Wenzake wa panki walijipachika majina yenye kuashiria uoza, ukatili au uchafu: Rotten, Vicious na mengineyo. Yeye alijipa jina la kitu ambacho hakiozi kamwe.

Tofauti hiyo si ndogo. Panki kwa jumla iliukumbatia uchafu kama silaha. Ilitema mate, ikachana nguo, ikajichoma pini. Jamii iliyojiona safi ilitishwa kwa kuonyeshwa taka zake. Poly Styrene alishika njia iliyo kinyume. Alivaa nguo za rangi kali za plastiki na nailoni, za aina aliyokuwa akiuza katika kibanda chake sokoni Chelsea, akapanda jukwaani na waya zake za meno, akawa mfano wa bidhaa iliyotoka kiwandani sasa hivi. Badala ya kuwa taka inayomzomea msafi, alijifanya kuwa huyo msafi mwenyewe, na kwa kujifanya huko akaonyesha jinsi usafi unavyotisha.

Hapa pana kikwazo ambacho sharti kiondolewe kabla ya kuendelea. Wimbo unaojulikana zaidi wa X-Ray Spex ni "Oh Bondage Up Yours!", uliotolewa na kampuni ya Virgin mwaka 1977. Ndio wimbo ambao wanamuziki wa kike wa Marekani wa miaka ya 1990 waliuenzi, na ndio unaotajwa katika karibu kila andiko linaloihusisha panki na ukombozi wa mwanamke. Ni wimbo wenye nguvu kweli. Lakini haumo katika albamu ya 1978 ilivyotolewa awali. Ni matoleo ya baadaye ndiyo yaliyouongeza. Matokeo yake ni kwamba albamu husomwa kana kwamba nyimbo zake kumi na mbili ni maelezo ya ziada ya wimbo usiokuwemo. Wimbo ule ni amri na kemeo: unamwambia mtu wa nje aende zake na minyororo yake. Nyimbo za albamu hazimwambii mtu wa nje lolote la namna hiyo. Zinakiri.

Istilahi ya Kiswahili ya majigambo inaweza kumsaidia mhakiki katika kuueleza ukiri huo. Katika majigambo, kama yale yanayohusishwa na Fumo Liyongo, nafsi inayosema hujitaja, hujisifu na hujitukuza, na hadhira hukubali kuwa kujitukuza huko ni desturi ya utanzu. Hakuna anayedai kwamba msichana wa Brixton aliijua desturi hiyo. Linalodaiwa ni kwamba nyimbo nyingi za "Germfree Adolescents" zina umbo hilo likiwa limepinduliwa: nafsi inajitaja kwa sauti kuu, tena kwa fahari, lakini inachojivunia ni fedheha. Katika "Art-I-Ficial" msemaji anatangaza kuwa yeye ni mtu bandia, anaomba asilaumiwe kwa kuwa amelelewa na vyombo vya umeme vya nyumbani, na anatamani kuwa chakula kilichogandishwa. Katika "I Am a Poseur" anafurahia kuwa mtu wa kujishaua asiyejali anavyofikiriwa. Katika "I Can't Do Anything" anaorodhesha mambo asiyoyaweza kama vile shujaa anavyoorodhesha vita alivyoshinda. Msikilizaji anayetafuta mwathiriwa wa kuonewa huruma hampati. Msikilizaji anayetafuta mshauri wa kumwonya naye hampati.

Wimbo unaofikisha mbinu hii kileleni ni "Plastic Bag". Humo akili ya msemaji inafananishwa na mfuko wa plastiki unaofyonza takataka zote zinazoingizwa masikioni kwa njia ya matangazo ya biashara. Tashbihi hiyo ni nyepesi kueleweka, na mtunzi wa kawaida angeishia hapo. Wimbo huu haukuishia hapo. Mwendo wake unabadilika ghafla, kasi inageuka utulivu na utulivu unarudi kuwa kasi, na katikati ya mabadiliko hayo msemaji anasimulia ndoto ambamo alikuwa Hitler, mtawala wa ulimwengu na wa maduka makubwa. Jambo hili halijapewa uzito unaostahili. Aliyekuwa chombo cha kujazwa taka anaota kuwa mwenye kujaza. Mwenye kutawaliwa akilini anaota utawala wa mabavu, na mabavu yenyewe yanaishia kwenye rafu za bidhaa. Kichekesho kiko wazi. Hata hivyo, mtu anayecheka anapaswa kujiuliza ni kwa nini binti wa Msomali, akiwa London mwaka 1978, amempa msemaji wake ndoto ya namna hiyo badala ya kumpa ndoto ya kumpindua huyo dikteta.

Jibu linaanza kuonekana katika wimbo unaobeba jina la albamu. "Germfree Adolescents" unakwenda polepole kuliko nyimbo zote zinazouzunguka. Ukelele wa mwimbaji umepunguzwa na sauti yake imekuwa laini, kana kwamba ni wimbo wa mapenzi. Na kweli ni wimbo wa mapenzi. Unamhusu kijana na msichana ambao wanaogopa vijidudu kiasi kwamba kugusana kwao kunahitaji glavu zilizochemshwa na dawa za kuulia viini. Msichana anasugua meno mara kumi kwa siku. Hakuna mtu katika wimbo huo anayemlazimisha mwenzake. Hakuna baba mkali, hakuna polisi. Hofu ya kuchafuliwa imeingia ndani ya watu wawili wenye kupendana na imekuwa ndiyo lugha pekee ya mahaba waliyo nayo. Usafi, katika wimbo huu, ni kumwogopa mwenzako.

Mary Douglas, katika kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu dhana za utohara na najisi, ameeleza kwamba uchafu haupo wenyewe. Kitu huitwa kichafu kwa kuwa kimevuka mpaka ambao jamii imejiwekea. Nadharia hiyo inasaidia kuunganisha wimbo wa mapenzi uliotajwa na ule wa "Genetic Engineering". Wimbo huu wa pili unaanza kwa hesabu ya moja hadi nne kwa Kijerumani, kisha unazungumzia sayansi inayoweza kuunda mbari kamilifu ya watu, na hatari kwamba viumbe watakaoundwa watawaangamiza walio hai. Kijerumani hicho hakikuwekwa kwa bahati. Kinamkumbusha msikilizaji ni nani waliowahi kulifanya wazo la mbari kamilifu kuwa sera ya dola. Jalada la albamu nalo linawaonyesha wanakundi wakiwa wamefungiwa ndani ya mirija ya kioo ya maabara. Mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya tumbo la mama alikuwa amezaliwa huko Oldham, kaskazini mwa Uingereza, Julai 1978, na magazeti yalikuwa yamejaa picha na maneno juu ya mirija. Mnunuzi wa albamu mwezi Novemba hakuhitaji kuelezwa.

Mwaka huo ulikuwa na habari nyingine pia. Chama cha National Front, kilichotaka watu weusi na Waasia waondolewe nchini, kilikuwa kimeandamana Lewisham, kusini mwa London, mwezi Agosti 1977, na vurugu kubwa zikatokea. Januari 1978 Margaret Thatcher, wakati huo kiongozi wa upinzani, alisema katika televisheni kwamba watu waliogopa nchi yao isije ikafurikwa na watu wa utamaduni tofauti. Tarehe 30 Aprili 1978 X-Ray Spex walipanda jukwaani Victoria Park, mashariki mwa London, katika tamasha kubwa lililoandaliwa na Rock Against Racism pamoja na Anti-Nazi League. Lugha ya wapinzani wa uhamiaji ilikuwa lugha ya mafuriko, ya maambukizo na ya damu. Ilikuwa lugha ya watu wanaoogopa vijidudu.

Inaweza kupingwa kwamba usomaji huu unalazimisha mambo, kwa kuwa hakuna hata wimbo mmoja wa albamu ambamo msemaji anasimama na kusema kuwa yeye ni chotara na kwamba anabaguliwa. Pingamizi hiyo ina msingi, na haifai kupuuzwa kwa kutaja wasifu wa mtunzi tu. Lakini inadhania kwamba njia pekee ya kuisema rangi katika wimbo ni njia ya ushuhuda wa aliyeumizwa. Poly Styrene angeweza kuifuata njia hiyo, na hadhira ya Victoria Park ingemshangilia. Alichofanya ni kigumu zaidi. Aliiazima sauti ya wale wanaotaka kuwa safi, akaisukuma hadi mwisho wa mantiki yake, na huko mwishoni wakabaki watu wawili waliovaa glavu na wasioweza kubusiana. Kejeli ya namna hii haihitaji mwathiriwa, kwa sababu inaonyesha kuwa ugonjwa ni wa msafi. Tena inamzuia msikilizaji mweupe mwenye nia njema kujitoa katika kesi. Katika wimbo wa malalamiko angeweza kujiunga na "sisi". Hapa hakuna "sisi" ya kujiunga nayo.

Ni kweli pia kwamba wimbo wa "Identity" unaukaribia ushuhuda. Swali lake, la kama mtu anajiona kwenye kioo, kwenye televisheni au kwenye jarida, linaweza kuulizwa na kijana yeyote. Hata hivyo linapata makali likiulizwa na mtu ambaye katika televisheni na majarida ya Uingereza ya wakati huo hakuweza kuona sura kama yake isipokuwa kwa nadra. Wimbo unaiacha maana hiyo ya pili bila kuitaja. Huo si woga. Ni sawa na fumbo la mtunzi anayeijua hadhira yake, ambapo mwenye kufahamu hufahamu.

Yote haya yamejadiliwa hadi sasa kana kwamba matini ni maneno tu, na mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi anajua kuwa hapo ndipo makosa huanzia. Maneno ya albamu hii yakisomwa kwenye karatasi yanaonekana kama orodha ya bidhaa iliyotiwa vina. Sauti ndiyo inayoyapa msimamo. Poly Styrene alikuwa na sauti kali ya juu, yenye kupasua, aliyoitumia bila kujali kama noti imefikiwa barabara. Msemaji wa maneno anasema kuwa yeye ni plastiki. Sauti inayoyasema ni ya mwili wenye koo na mapafu, unaochoka. Mgongano huo ndio kejeli yenyewe. Kinachokiri kuwa bandia kinasikika kuwa hai kuliko kitu chochote kilichokuwa redioni mwaka ule, na hivyo ukiri unajikanusha papo hapo. Saksafoni inaongeza mgongano huo. Mpigaji wa kwanza, Lora Logic, alikuwa msichana mdogo wa shule aliyeondoka kabla ya albamu kurekodiwa. Nafasi yake ikachukuliwa na Rudi Thomson. Ala hiyo haikuwa ya kawaida katika makundi ya panki, na hapa haipambi. Inaifuata sauti ya mwimbaji bega kwa bega, nayo ikikwaruza.

Wako wanaoisoma albamu hii kama cheti cha daktari. Mwaka 1978, baada ya onyesho huko Doncaster, Poly Styrene alisema kuwa ameona chombo cha ajabu angani; alilazwa hospitalini, akatambuliwa kuwa na skizofrenia, na baadaye sana ikabainika kuwa utambuzi huo haukuwa sahihi. Mwaka 1979 kundi lilivunjika. Kutokana na hayo imekuwa desturi kuziona nyimbo kama "Plastic Bag" na "Identity" kuwa dalili za awali za maradhi, au hata utabiri wake. Usomaji huo unadhulumu kazi. Unamwondolea mtunzi ustadi na kumwachia mateso tu. Mbinu ya kuvaa nafsi ya mtu mwingine, kubadilisha mwendo ili kuonyesha akili iliyovurugwa na matangazo, na kuimba wimbo wa glavu kwa sauti ya mahaba ni maamuzi ya msanii anayejua anachokifanya. Hakuna mhakiki ambaye angesoma kejeli za Jonathan Swift kama dalili za ugonjwa uliompata uzeeni, akabaki na heshima yake. Filamu ambayo bintiye, Celeste Bell, aliiongoza pamoja na Paul Sng mwaka 2021, miaka kumi baada ya kifo cha mwimbaji, inashughulika na mateso hayo kwa uaminifu bila kuzigeuza nyimbo kuwa faili la hospitali. Wahakiki wana la kujifunza hapo.

Si kila wimbo unafaulu. "Let's Submerge" unapita bila kuacha alama. "I Live Off You", unaoonyesha jinsi kila mtu anavyoishi kwa jasho la mwenzake, unasema wazo lake moja kwa moja mno. Humo kejeli inageuka kuwa mhadhara, na msemaji anapanda juu ya mambo anayoyaeleza. Udhaifu wake unasaidia kuthibitisha hoja ya makala haya, kwani ni pale nafsi inapotoka ndani ya uchafu wake ambapo wimbo unapwaya. "Warrior in Woolworths" nao hautumii nafsi ya kwanza, lakini unaokolewa na upole wake kwa kijana anayeuza dukani mchana na kujiona mpiganaji usiku.

Kuna suala la biashara, ambalo haliwezi kukwepwa katika albamu inayosema hivi juu ya bidhaa. Ilitolewa na EMI International, tawi la kampuni ileile iliyokuwa imewatimua Sex Pistols Januari 1977. Ilifika nafasi ya 30 katika orodha ya mauzo ya Uingereza, na wimbo wake mkuu ulifika nafasi ya 19. Dick Hebdige, akiandika mwaka 1979, alieleza jinsi mitindo ya vijana wapinzani inavyogeuzwa haraka kuwa bidhaa na hivyo kupokonywa makali. Kwa makundi mengine ya panki hilo lilikuwa anguko, kwa sababu yalikuwa yamejitangaza kuwa nje ya soko. X-Ray Spex hawakuwa wamejitangaza hivyo. Msemaji wao alikuwa ameshasema kuwa yeye ni bidhaa, tena ya kutupwa. Soko lilipomnunua, lilimnunua kwa jina lake halisi.

Wimbo wa mwisho wa albamu, "The Day the World Turned Day-Glo", unamweka msemaji katika mandhari ambamo majani ya nyuzi za kiwandani yanadondoka kutoka miti ya rayoni na upepo wenyewe ni wa mpira. Mhakiki aliyezoea tenzi za mazingira angetarajia maombolezo. Hakuna maombolezo. Kiitikio kinaimbwa kwa shangwe, saksafoni ikipanda pamoja nacho, na msemaji anayatazama majani hayo yakianguka kwa mshangao wa mtu anayeona jambo zuri. Hakuna kidudu hata kimoja mahali hapo.